Konzi ya Mchele na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Jumatatu, 4 Machi 2019

Mke wangu Sangi kateleza kwenye ngazi za kisimani. Kifundo cha mguu kimevimba vibaya. Daktari kasema wiki tatu asiukanyage. Wiki tatu! Na uchaguzi wa mzee wa kanisa ni tarehe 24.

Mara mbili nimekosa. Miaka ishirini mimi ni karani wa kanisa, kanuni za uchaguzi nimeziandika kwa mkono wangu, na bado wananipita. Safari hii tuko wawili tu, mimi na Biaka wa dukani. Nakitaka kile kiti cha mbele. Basi, nimesema. Humu hasomi mtu.

Jumatano, 6 Machi

Nani atakusanya mchele wa kanisa Jumamosi? Mtaa wetu ni wa Sangi. Kila nyumba, mama akipima mchele wa kupika, hutoa konzi moja ya Mungu na kuitia kwenye kopo. Jumamosi Sangi huzunguka na kapu mgongoni kukusanya. Nimependekeza tutafute mama mwingine.

"Baba Mapuii, hao mama wengine wana mitaa yao," kaniambia. "Wewe una miguu miwili."

Kazi ya wanawake! Wiki tatu kabla ya kura!

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda. Mkanda wa kapu unakaa kwenye paji la uso, lakini mimi niliuvaa kifuani. Watoto walinifuata wakicheka. Nilipopita dukani, Biaka akapaza sauti mbele ya wateja: "Pu Thanga, bwana mkubwa! Umeolewa lini, mbona hatukualikwa?" Nikacheka na mimi. Roho inaungua.

Nyumba ya mwisho ni ya bibi mmoja, Pi Dengi, mjane, chini kabisa bondeni. Akaleta kopo lake. Nikaona ndani ya debe lake la mchele — karibu tupu. Nikamwambia kwa upole, "Baki nao, Pi. Mungu anaona huna." Nikapanda ngazi zote zile nikijiona mtu mwema sana. Nilitamani Biaka angeniona pale.

Sangi hakusifu. Aliniuliza mara mbili kama kweli nilisema hivyo. "Nilimhurumia," nikamwambia.

"Hukumhurumia. Umemtoa kanisani."

Kisha akalia. Kwa ajili ya konzi ya mchele! Sielewi wanawake.

Jumapili, 10 Machi

Pi Dengi hakuja ibadani. Watu wanasema hajawahi kukosa, hata ile wiki aliyomzika mwanawe. Nimesoma matangazo vibaya, nikaruka mstari mzima.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeshuka bondeni kuomba radhi. Nilijiandalia maneno mazuri. Nilimkuta anapasua kuni.

"Karani! Umekuja kuchungulia debe langu tena?"

Maneno yote yakapotea. Nikamwambia nimekuja kuomba ule mchele. Akasema kawapa kuku. Nikabaki nimesimama, yeye anapasua kuni kama vile sipo. Mwishowe nikamwomba shoka. Hakunipa! Kasema wanaume wenye kalamu hujikata vidole. Akanionyesha rundo, nizipange ukutani. Nimepanga mpaka mgongo ukaniuma, na safu ya kwanza ikaporomoka. Akacheka. Hakunipa mchele, lakini chai ya sukari guru alinipa.

Huku nyumbani Sangi kauliza habari. Nikasema, "Kacheka." Kaniongezea nyama ya nguruwe.

Jumamosi, 16 Machi

Leo mkanda umekaa kwenye paji. Kila nyumba ni "Pi Sangi hajambo?" halafu wananieleza shida zao, kana kwamba kapu ndilo linalosikiliza. Huyu kagombana na nduguye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Yule, baba mkwe wake hainuki kitandani na kucha zake zimerefuka — ni Sangi anayemkata, anamkubali yeye tu. Miaka thelathini na mbili nalala na mwanamke huyu, sikujua! Nilidhani anachelewa kwa sababu ya umbea.

Nimemkata mzee kucha. Kanitukana mara tatu, kisha kanishika mkono asiuachie.

Pi Dengi alinisubiri mlangoni na kopo limejaa hadi juu. Safari hii nililipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Hii ndiyo sadaka yangu, Pu. Kingine sina cha kumpa." Nina aibu, na nina furaha, sijui kipi kimeanza.

Jumamosi, 23 Machi

Mchele umekusanywa. Nilitaka kuandika kwamba uchaguzi nimeusahau. Uongo. Nimeukumbuka kwenye kila ngazi.

Jumapili, 24 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya kanisa. Ni saa kumi alasiri, moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika mlima wote. Wazee wamejifungia ndani.

Mchungaji alitoka kwanza peke yake, uso umemvimba kwa kicheko alichokizuia. Karatasi tisini. Mimi hamsini na mbili — moja nilijipigia mwenyewe. Biaka ishirini na moja. Na kumi na saba zimeandikwa jina la Sangi! Mwanamke hawezi kuwa mzee kwetu, kila mtu anajua, na bado watu kumi na saba wameandika.

Anayechaguliwa lazima apate theluthi mbili. Zikitupwa hizo kumi na saba kama zilizoharibika, nimepita. Zikihesabiwa, nimekosa mara ya tatu. Wazee wameshindwa kuamua, wanataka karani aje awaambie kanuni inasemaje. Kanuni ni yangu, naijua kwa moyo: zilizoharibika hutupwa.

Sangi yuko pale jikoni kwa kina mama, mguu kauegemeza kwenye kigoda, anamimina chai. Hajui lolote. Kanipungia mkono nipeleke kikombe changu.

Mchungaji ananiita tena. Nacheka peke yangu kama mwehu. Nikiingia, la kwanza nitawaambia kwamba hizo kumi na saba hazijaharibika. La pili bado sijalipata —