Umemtupa Domo Kisimani

Kwako mdogo wangu mchoraji,

Sisi wazima, kama unajali. Bomba la jikoni lilipasuka tena, nimeliziba mwenyewe.

Nimesoma toleo jipya la katuni zako. Miaka sita umenichora humo kwa jina la Fundi Domo, msaidizi wa shujaa: kitambi changu, chupa yangu, hata pengo langu. Matusi yangu umeyaiba yote, kuanzia "spana ya kutu wewe" hadi "bisibisi butu". Shujaa wako hata jasho halimtoki. Bila mimi nani angemsoma? Sasa unamsukumia Domo kisimani, kurasa mbili tu, kwisha habari yake. Mwoga mkubwa!

Mama haoni tena, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea. Domo akitukana, anacheka mpaka anakohoa. Juzi nilipofika pale kisimani niliacha kusoma ulichoandika. Nikatunga uongo kwamba Domo ameng'ang'ania kamba, anamporomoshea matusi aliyemsukuma.

Mama akashusha pumzi. "Nilijua tu. Mwanangu hawezi kumuua kaka yake."

Basi shika kalamu, bisibisi butu wewe, umtoe humo.

Ni mimi kaka yako, mwenye pengo.