Jina Langu Katika Daftari la Wapagazi

Kaka Athmani, ndugu yangu wa tumbo moja,

Sijui barua hii inakwenda wapi. Ningejua ulipo ningefunga safari nikaja mwenyewe, ingawa unanijua, safari zangu huishia kizingitini.

Tangu chuoni wewe ndiwe uliyekuwa ukinijibia. Siku niliyomwaga wino juu ya juzuu ya maalim, akauliza nani, nami nikatazama mkeka. Ukasema, "Ni mimi, maalim." Bakora zikakushukia wewe, na njiani ukanicheka: "Mwoga we! Hata kujikuna waogopa." Nami nikacheka, kana kwamba ni sifa.

Basi mudiri, mkubwa wa serikali pale kwetu, alipotoa orodha ya vijana wa Mambrui wa kuchukua mizigo katika vita vya Mdachi, likasomwa jina langu, Saidi bin Omari. Lako halikuwamo, kwani ulikuwa na mke. Kabla ya alasiri nilikuwa nimeshafika Magarini, nimejikunyata katika mtama wa mjomba. Watu niliwaambia nilishikwa na homa. Uongo mtupu, kaka. Nilikuwa na hofu tu.

Yaliyofuata alinihadithia mkeo Mwanaisha. Askari walikuja nyumbani wakasema mwana asipoonekana watamchukua mama bomani, akae huko mpaka aonekane. Ukaiweka randa juu ya kitanda ulichokuwa ukikitengeneza, ukapangusa mikono. Mwanaisha akakushika kanzu. Ukamwambia, "Kaka ndiye baba, bibi. Niache nikamjibie huyu mtoto." Ukaenda uwanjani, karani akaita "Saidi bin Omari!", nawe ukaitika "Naam." Wakakuvika kibati chenye namba shingoni, na katika daftari wakaandika jina langu. Watu wote wa mtaa walikuwapo na hakuna aliyefungua kinywa. Kwetu kaka akimwitikia mdogo wake si uongo, ndiyo malezi yenyewe. Nani angedhani kuna daftari lisilojua malezi?

Nilirudi siku ya tatu. Mama alinipakulia chakula akarudi jikoni. Mwanaisha yeye alinisemesha vizuri, na mpaka leo ananisemesha vizuri. Heri angenitukana.

Vita vimekwisha. Waliorudi ni wachache, ngozi na mifupa, na wale vijana wawili wa mtaa wetu uliofuatana nao hawamo. Kisha ikaja orodha ya waliokufa, nikaenda bomani kusikiliza. Karani akasoma: "Saidi bin Omari, Mambrui. Tumbo la kuhara. Lindi." Watu wakanigeukia. Mmoja aliangua kicheko, kisha akaziba mdomo kwa haya.

Nikapita mbele nikamwambia karani, "Huyo ni kaka yangu Athmani. Saidi ndimi mimi."

"Marehemu ndiye wewe?" akaniuliza. "Basi nenda kapumzike."

Nikamwambia anifunge kwa kosa la kukimbia, anifunge hata miaka, mradi afute jina langu aandike lako. Wallahi kaka, siku ile sikuogopa. Ushujaa ulinijia wakati haufai kitu. Karani akalifunga daftari, akasema lile ni nakala tu, asili yake iko Nairobi, na hakuna mkubwa atakayefufua mtu mmoja na kumuua mwingine kwa maneno ya mtoro. "Ondoka, bwana, kabla sijamwita askari."

Huenda miaka mingi ijayo akaja msomi akalifungua lile daftari. Ataandika kwamba Saidi alikwenda vitani akafa, na kaka yake alibaki nyumbani akichonga vitanda. Atasema karani hakuwa na sababu ya kudanganya, na atakuwa amesema kweli. Karani aliandika alichoitikiwa. Nani atamwambia msomi huyo kwamba aliyeitika hakuwa mwenye jina?

Lakini hayo ni ya wasomi. Linalonichoma mimi ni Mwanaisha. Ametokea mtu wa Ngomeni, mjane, mpole, anataka kumposa. Nisamehe kukwambia haya. Tukaenda kwa kadhi ili mkeo akae eda. Kadhi akauliza, "Nani alimwona Athmani amekufa?" Nikamweleza habari ya daftari. Akasema, "Daftari laniambia amekufa Saidi, na Saidi huyu hapa mbele yangu. Kibati chaweza kuvaliwa na yeyote. Ije khabari ya yakini, au wafe kwanza marika wote wa mumewe. Angoje." Yaani angoje mpaka awe ajuza. Hana hata miaka thelathini.

Juzi alinijia ukumbini, macho yamemvimba. "Shemeji," akasema, "nenda kaape kwamba ulimwona amekufa. Dhambi yake nitaibeba mimi."

Nikakubali. Nikavaa kanzu safi nikatoka mbio, nisije nikajifikiria. Mlangoni kwa kadhi nikasimama. Niape nilikuona wapi? Lindi? Mambrui nzima yajua sijavuka hata Mto Sabaki. Siku zote zile ulizokuwa ukibeba risasi za watu kichwani, mimi nilikuwa hapa nanunua samaki, na waliokuwa wakiniona ni haohao watu wa Mambrui.

Nikarudi nikamwambia. Akakaa kitako sakafuni. "Ya Rabbi," akasema, "hata uongo wako haufai." Hakusema kwa hasira. Yule wa Ngomeni ameshaposa kwingine.

Mama haulizi tena. Mimi sina la kukuahidi, kaka, wala sina pa kupiga hodi. Nakuomba radhi, ukiwa u hai na ukiwa huko kwingine. Kila nikimaliza kusali nainua mikono, kisha naishusha bila neno, kwa kuwa sijui nikuombee rehema au nikuombee urudi.

Ni mimi mdogo wako.