Jina la Mtoto

Otonglo, 14 Machi 1993

Ndugu yangu Oketch,

Mvua imeanza, ng'ombe wa Mama amezaa, na Selpha wangu naye amejifungua mvulana wa kilo nne! Wale waliosema mwanamume aliyetolewa korodani moja kwa saratani amekwisha, sasa wanakuja kunywa chai yangu kimya kimya.

Daktari alinipongeza, kisha akauliza kama nina ndugu wa kiume, maana ugonjwa huu unaweza kumpata ndugu pia. Mama akatazama chini. Alisema wewe ulizaliwa korodani moja haijashuka, na kwamba aliificha habari hiyo kwa aibu. Daktari akasema basi una sababu mbili za kupimwa. Acha kucheka! Ukioga jipapase kama kuna uvimbe, lakini usingoje uanze kuuma. Wangu haukuuma hata siku moja.

Mtoto tumemwita Nyandiga, jina la marehemu Babu. Unajua kwetu mtoto hupewa jina la aliyeondoka. Mimi bado nataka wavulana wengine, tena wengi, na sitaki hata mmoja wao aitwe Oketch. Nenda hospitali wiki hii.

Ni mimi kaka yako, sasa Baba Nyandiga,
Joram