Sabato Manga, Jumapili Nyaramba

Manga, Jumapili jioni

Mwanangu Obwocha,

Ng'ombe amezaa salama, ndizi zimekomaa. Habari njema zimeishia hapo.

Jana ulisimama mbele ya kanisa letu ukilia, ukasema ulizaliwa Msabato na utakufa Msabato. Nikalia nawe. Leo dada yako Emily amenionyesha picha: uko Nyaramba kwa Wakatoliki, umepiga magoti unapokea komunyo, rozari shingoni!

Wakatoliki sina ugomvi nao, wao wanasali kwa moyo. Wewe unaabudu nini? Kiti cha MCA, uwakilishi wa wadi?

Ukirudi kanisani, njoo bila kipaza sauti, ukae benchi la nyuma.

Mwezi wa nane kura yangu nitampa mpinzani wako. Lakini kila alfajiri nampigia Mungu magoti kwa ajili yako, na hakuna anayenipiga picha.

Mama yako,
Drusilla