Basi Langu, Basi la Serikali

Ijumbi, Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri na viatu vyangu bado vimeloa.

Nimerudi kutoka Bukoba nimejaa hasira, na sitaki ipoe.

Mama yangu hatembei tangu basi lilipopinduka mteremkoni akitoka kliniki Muleba. Hafiki hata kwenye kibanja chake cha migomba, hapo nyuma ya nyumba. Breki zilikuwa mbovu. Dereva alikwisha kumwambia mwenye basi, naye akaambiwa aendelee tu. Ninachotaka ni kimoja: mtu huyo ajibu mahakamani.

Leo karani wa mahakama amenieleza kwamba Serikali haishtakiwi bila ruhusa kutoka Dar es Salaam. Mwenye basi, Bwana Kajuna, anadai kinga hiyo ni yake pia, kwa kuwa amepewa mkataba wa kubeba abiria wa wilaya. Alikuwepo mwenyewe, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, basi lile ni la Serikali. Ukinishtaki mimi, umeishtaki Serikali."

Mimi ndiye ninayewafundisha watoto nyimbo za ujamaa, na ujamaa nauamini kweli. Niliogopa kuitwa msaliti.

Naogopa hata sasa.

Lakini nauli anatia mfukoni mwake, breki mbovu anaisukumia Serikali. Ujamaa gani huo?

Basi lenyewe lilikuwa nje ya dirisha, limenyooshwa bati na kupakwa rangi upya. Akina mama wawili wakaegemeza mikungu ya ndizi ubavuni mwake. Bwana Kajuna akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Mae! Ondoeni ndizi zenu! Mnachubua basi langu!"

Langu.

Karani aliinua uso, akauliza kwa adabu yetu ya Kihaya, "La nani, waitu?"

Bwana Kajuna akakohoa, akasema anawahi safari. Nilicheka mpaka nikaona aibu, maana pale ni mahakamani.

Karani hakuniahidi ushindi. Alisema nimlete Mama tufungue shauri, na hakimu ndiye atakayeamua kama kinga ya Serikali inamfunika mtu na biashara yake. Tukishindwa, tushindwe tukiwa tumesikilizwa.

Nilidhani Mama atakataa. Ameniangalia tu, akasema, "Tugende." Twende.

Kesho asubuhi nitambeba mgongoni hadi barabarani. Basi la kwenda Bukoba ni moja tu, hilo hilo la Bwana Kajuna. Tutalipanda na tutalipa nauli. Kondakta akiuliza tunashukia wapi, Mama anataka amjibu yeye mwenyewe: mahakamani.