Gari Isiyumbe

Chelangat, saa nne asubuhi Peugeot ya bwana harusi Barasa ilitoka gereji Lodwar na vyuma viwili vipya nyuma vya kuzuia kuyumba, ili keki ifike Kakuma salama.

Na keki haikusogea! Kona zote, haikusogea!

Halafu ngamia amelala barabarani mbele ya kanisa la harusi. Barasa akabonyeza honi. Kimya.

Fundi Lokwang, aliyeshika keki nyuma, akasema, "Vyuma nilifunga. Lakini si ulisema pia gari isiimbe? Honi nimetoa."

"Isiyumbe, Lokwang! Isiyumbe!"

Isiimbe, Chelangat. Isiimbe!

Basi Barasa akatoa kichwa dirishani, wakwe wote wakimtazama, akapiga honi kwa mdomo: "Piii! Piii!"

Ngamia akainuka, akaingiza kichwa kwenye dirisha la nyuma, akala keki.