Taa ya Buluu na Sweta Yako

Ndugu yangu Shabani,

Sijui barua hii itakukuta wapi, ndiyo maana nimeiandika wazi. Atakayeisoma Makambako au Manda, na anakujua, akuambie tu kwamba kompyuta ile ilikuwa nzima.

Unakumbuka tulivyoanza. Kompyuta za mitumba ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na duka lako karibu na stendi ya Makambako lilikuwa chumba kimoja chenye nyaya kila mahali. Mimi nilikuja kwako kujifunza kuchapa, wewe ukawa unakuja kwetu Njombe, mtaa wa Ramadhani, kula. Mama akikusikia mlangoni ukimsalimu kwa Kibena, "Kamwene, mama!" kwa lafudhi yako ya Kigoma, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha alikukabidhi jogoo na kisu, umchinje mwenyewe kwa dini yako, nawe ule bila wasiwasi. "Njoo mchinjaji wangu, maji yameshachemka," alikuwa akisema. Hakuna siku uliyokuja kwetu kuku akachinjwa na mtu mwingine.

Baridi ya mwezi wa saba ilipokutetemesha, alikufumia sweta ya kijani. Uzi uliobaki akaufumia mfuko wa kompyuta ya mpakato uliyoniuzia, mfuko wa kubana kama soksi. Kwetu redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa. Kompyuta isingeweza kukaa uchi.

Uliniwekea mfumo wa Linux. "Hii haitakusumbua na virusi, kaka." Ukanionyesha jinsi ya kunasa intaneti isiyo na waya, na taa ndogo ya buluu ikawaka kwenye ukingo wa mbele kuonyesha imeshika. "Ikizimika hii, usihangaike na kitu. Nipigie mimi kwanza."

Sikukupigia. Nilikuwa katibu wa chama chetu cha wapanda miti, na nilikuwa nimewatangazia wanachama kwamba barua pepe kwa mnunuzi wa mbao itatumwa hapo hapo ofisini, wao wakitazama. Nyumba ya wageni ya jirani ilikuwa imetupa neno la siri la intaneti yao. Wazee wanne wakaja, mmoja wao akiwa amepanda lori la mbao kutoka Matembwe tangu alfajiri. Nikaichomoa kompyuta kwenye mfuko wake, nikaiwasha. Taa ya buluu haikuwaka. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile.

"Katibu," akasema mzee wa Matembwe, "au hewa ya Njombe leo imeisha?"

Wakacheka wote. Nami nikaanza kutafuta mtu wa kumtwisha aibu yangu.

Wiki nzima nilinakili maelekezo kutoka intaneti kafe, kwa mkono, ndani ya shajara. Bado ninayo hapa. Jumatatu: nimeandika amri ya kwanza, imekataa. Jumanne: nimetanguliza neno sudo, imeomba nywila, imekataa. Jumatano: inasema redio imezimwa, sioni redio yoyote. Alhamisi: nimeiweka Linux upya kwa diski ya sidii uliyonipa, taa imezimika vile vile. Niliandika kila kitu isipokuwa kimoja, kwamba kila nilipomaliza niliirudisha kompyuta kwenye mfuko wa mama.

Ijumaa nilikuja dukani kwako. Palikuwa na wateja, na yule mama wa vitumbua, anayeuza hapo nje, alikuwa mlangoni. Ulinyoosha mkono. "Nipe niitazame, kaka. Nilipokupa ilikuwa inashika vizuri." Nami nikaivuta kifuani. "Usiiguse! Utaficha ushahidi." Nikafungua shajara nikasoma kwa sauti, siku moja baada ya nyingine, kama karani wa mahakama. Mteja mmoja akarudisha simu aliyokuwa anaichagua. Mwingine akasema, "Kumbe ndivyo anavyouza huyu!"

Hukunitukana. Ulisema tu, "Kama umeandika, basi." Ulikuwa umevaa ile sweta.

Majuma mawili baadaye mama aliuchukua mfuko akaufue. Aliuvuta kwa upande mwingine, si kama nilivyozoea mimi. Nilipoiwasha kompyuta, taa ya buluu ikawaka, intaneti ikashika. Niliandika kwenye shajara: "Imepona yenyewe." Kesho yake mfuko ulipokauka, mama akaanza kuivisha kompyuta ikiwa bado inawaka.

"Mwanangu, mbona haka kataa ka buluu kanazimika nikivuta?"

Nikainama nikatazama. Chini ya ukingo kulikuwa na swichi ya kusukuma, ya kuwasha na kuzima ile redio ya intaneti, ndogo kama punje ya mtama. Uzi ulikuwa unaikokota na kuizima kila siku, mkono wangu ukivalisha; mama alipouvua kwa upande mwingine, ukairudisha.

"Basi nenda Makambako kesho," mama akasema.

Kwenye shajara yangu nimehesabu "kesho" kumi na moja. Baada ya hapo niliacha kuandika. Mama aliponiuliza, nilimjibu kwamba nimefika, na umenisamehe. Akafurahi, akatenga jogoo. Amekuwa akitenga jogoo tangu hapo, na kila mara nilikuwa na sababu mpya: Shabani amesafiri, Shabani anaumwa, Shabani ana wageni.

Mwezi uliopita nilikuja kweli. Kwenye chumba chako wanauza vitenge. Mama wa vitumbua yupo, ila hakunitambua. "Shabani yupi? Yule aliyemuuzia mtu wa Njombe kompyuta mbovu? Aliishiwa wateja. Wanasema yuko Manda huko ziwani." Nilitaka kumwambia kuwa mtu huyo wa Njombe ni mimi. Nilinunua vitumbua nikaondoka.

Leo asubuhi nimemwambia mama yote. Hakupaza sauti. Aliuvua mfuko kwenye kompyuta, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kuufumua pale pale mezani mpaka ukawa donge mkononi mwake.

"Uzi huu ulikuwa wake," akasema. "Sweta yake sasa itakuwa imetoboka viwiko."

Ameliweka donge kwenye kabati la vyombo. Kesho nitakwenda Makambako, nitaisoma barua hii mlangoni pa chumba kilichokuwa chako, kwa sauti ile ile niliyosomea shajara, mama wa vitumbua akisikia. Kisha nitateremka Manda. Usipotaka kuniona, nitaelewa. Lakini sweta mpe mtu ailete.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita kaka.